Thawte: Kampuni ya Afrika iliyoudhamini mtandao, kisha ikauzwa

Na Mwandishi Wetu, Gerezani

UKISHUKA katika kituo cha mabasi yaendayo haraka cha Gerezani, jijini Dar es Salaam, na kuelekea kwenye maduka ya vipuri vya magari, utakuta juu ya kaunta nyingi vitu vinne vilevile: kalamu, kitabu cha stakabadhi, mhuri wa mpira na kikopo cha wino. Biashara ya Gerezani na Kariakoo nzima imesimama juu ya vitu hivyo kwa miongo mingi.

Mwaka 2010 kiliongezeka cha tano. Hiyo ni mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti, maarufu kwa jina la EFD, ambayo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliwataka kwanza wafanyabiashara waliosajiliwa katika Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT) kuitumia, kabla ya kuwafikia wengine katika miaka iliyofuata.

Mashine hizo zimezungumzwa sana Kariakoo, aghalabu kwa hasira, na mazungumzo hayo yote yamehusu kodi. Ni wachache waliopata kuuliza zinafanya nini hasa. Miongoni mwake ipo aina inayounganishwa na kompyuta ya duka, ambayo kazi yake ni kutengeneza namba ya pekee inayochapwa kwenye kila ankara inayotoka. TRA yenyewe huiita namba hiyo saini.

Kwa nini namba iitwe saini? Jibu lake linahusu taaluma iliyozaa kampuni tajiri kupindukia huko Marekani. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwamba moja ya kampuni kubwa kabisa za fani hiyo ilizaliwa katika bara letu, ndani ya gereji ya nyumba moja ya familia huko Afrika Kusini.

Kasoro ya mhuri

Saini ya kalamu hufungamana na mkono wa mtu, lakini haifungamani na maneno yaliyo juu yake. Aliyekwisha kuitia chini ya hati ya mauziano hana namna ya kuizuia hati hiyo isiongezewe sifuri moja mwishoni mwa tarakimu baada ya yeye kuondoka. Mhuri ni dhaifu zaidi, kwani anayeweza kuchonga mmoja anaweza kuchonga wa pili unaofanana nao.

Chukulia mfanyabiashara wa Gerezani anayeagiza vipuri kutoka Dubai au Guangzhou. Hutumiwa ankara ya awali kwa barua pepe, ikionesha aina ya bidhaa, bei na namba ya akaunti ya benki. Mhalifu aliyekwisha kupenya katika barua pepe za upande mmoja huibadili namba ya akaunti peke yake, na kuacha nembo, mhuri na saini kama zilivyokuwa.

Fedha huondoka. Baada ya wiki mbili muuzaji huuliza mbona hajalipwa, na kila mmoja anamwonesha mwenzake karatasi yenye mhuri uleule. Utapeli wa namna hii umewaumiza wafanyabiashara katika kila pembe ya dunia, wadogo na wakubwa.

Saini ya kidijitali ilibuniwa kuziba tundu hilo. Waraka wote, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho, hupitishwa katika hesabu maalumu inayotoa muhtasari mfupi wa tarakimu. Ukibadili hata herufi moja, muhtasari mzima hugeuka. Muhtasari huo ndio hufungwa kwa ufunguo wa siri wa mtia saini, na kila anayeupokea waraka anaweza kuhakiki kwamba haujaguswa tangu ulipotiwa saini.

Funguo mbili

Usimbaji, yaani kuyageuza maandishi yasisomeke ila kwa mwenye ufunguo, ni kazi ya kale ya wafalme na majeshi. Kwa karne nyingi ulikuwa na shida moja: ufunguo wa kufungia ndio huohuo wa kufungulia, hivyo watu wawili walio mbali walilazimika kwanza kukutana na kupeana ufunguo kwa siri.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, waliokuwa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha wazo la kutumia funguo mbili zinazokwenda pamoja. Mmoja hubaki kwa mwenyewe daima, na wa pili hutolewa hadharani kwa yeyote anayeutaka. Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT), walipata hesabu iliyolifanya wazo hilo litumike kwa usimbaji na kwa saini pia. Hesabu hiyo hujulikana hadi leo kwa herufi za kwanza za majina yao, RSA.

Siri yake ni nyepesi kuieleza. Kuzidisha namba mbili kubwa tasa ni kazi ya sekunde, lakini kupewa jibu na kutakiwa kuzitaja namba hizo mbili ni kazi inayoweza kuishinda kompyuta kwa miaka mingi. Mwaka 1997 ilibainika kwamba Clifford Cocks, mtaalamu wa hesabu wa idara ya usalama wa mawasiliano ya Uingereza, aliipata njia hiyo mwaka 1973, ila serikali yake iliificha kabatini.

Wavumbuzi watatu wa MIT waliunda kampuni yao, RSA Data Security, mwaka 1982, na hataza ya uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1983.

Lilibaki swali moja ambalo hesabu peke yake haiwezi kulijibu. Ukiletewa ufunguo wa hadhara unaosemekana kuwa wa benki fulani, utajuaje kwamba ni wa benki hiyo kweli? Mwaka 1978 mwanafunzi wa MIT, Loren Kohnfelder, alipendekeza kiwepo cheti: hati fupi inayosema kwamba ufunguo huu ni wa fulani, ikiwa imetiwa saini na mtu wa tatu anayeaminiwa na pande zote.

Mkazi wa Kariakoo anaielewa habari hii bila mwalimu. Anayefungua akaunti ya benki au kuomba dhamana ya ndugu yake mahakamani hutakiwa barua ya serikali ya mtaa, na thamani ya barua hiyo haizidi uaminifu wa aliyeiandika. Katika mtandao, anayeandika barua hiyo ndiye huitwa mamlaka ya vyeti.

Mwaka 1995 RSA Data Security ilianzisha kampuni tanzu kwa ajili ya kazi hiyo, huko California. Iliitwa VeriSign.

Gereji ya Cape Town

Mwaka huohuo, mwaka mmoja tu baada ya Afrika Kusini kufanya uchaguzi wake wa kwanza wa watu wa rangi zote, kijana aitwaye Mark Shuttleworth alianzisha kampuni ya Thawte. Alizaliwa Welkom mwaka 1973, akasoma fedha na mifumo ya habari katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Kampuni ilianzia katika gereji ya wazazi wake, ikitoa kwanza ushauri wa masuala ya intaneti.

Kilichoinyanyua ni sheria ya nchi nyingine. Wakati huo Marekani iliuhesabu usimbaji wenye nguvu kuwa katika kundi moja na silaha za kivita, na kuupeleka nje ya nchi kulihitaji kibali. Kwa hiyo programu za kuvinjari mtandao zilizouzwa Dar es Salaam, Nairobi au Paris zilikuwa na ufunguo uliodhoofishwa kwa makusudi, wa biti 40 tu, ilhali Mmarekani nyumbani kwake alitumia wa biti 128.

Tofauti hiyo si ya mara tatu kama tarakimu zinavyoweza kumdanganya msomaji. Kila biti inayoongezwa huzidisha kwa mbili idadi ya funguo ambazo mwizi atalazimika kuzijaribu. Mwaka 1995 mtafiti mmoja wa Ufaransa, Damien Doligez, aliuvunja ujumbe wa biti 40 kwa siku nane akitumia kompyuta za ofisi alizoweza kuzifikia. Kwa maneno mengine, mteja wa nje ya Marekani alikuwa ameuziwa kufuli la maonesho.

Afrika Kusini haikufungwa na sheria hiyo. Thawte ikatengeneza programu ya seva, yaani kompyuta inayohudumia tovuti, yenye usimbaji wa nguvu kamili, na kuiuza nje ya Marekani, mahali ambapo kampuni za Marekani zilikuwa zimefungwa mikono. Kisha ikageukia biashara iliyokuwa na faida zaidi, ile ya vyeti.

Hapa inafaa kueleza jambo ambalo wengi hulipita. Kila programu ya kuvinjari, iwe katika kompyuta au katika simu iliyonunuliwa Mtaa wa Aggrey, huja ikiwa na orodha ya mamlaka za vyeti ambazo itaziamini bila kumuuliza mwenye kifaa. Aliyemo katika orodha hiyo anaweza kuithibitisha tovuti yoyote duniani. Asiyekuwamo, vyeti vyake humletea mteja onyo la hatari, na mteja hukimbia.

Thawte ilikuwa miongoni mwa kampuni za kwanza kukubaliwa na wenye orodha mbili kuu za zama hizo, Netscape na Microsoft. Huo ndio uliokuwa mtaji wake halisi. Kazi ya kila siku ilifanana zaidi na ya karani kuliko ya mwanahesabu: kuhakiki kwamba kampuni inayoomba cheti imesajiliwa kweli, kwamba anwani ya tovuti ni yake, na kwamba aliyeomba ana mamlaka ya kuomba.

Wadhamini wa ana kwa ana

Thawte ilikuwa na mpango mwingine ambao mwandishi huyu anauona kuwa bora kuliko yote iliyoufuata. Ilitoa bure vyeti vya kutilia saini barua pepe kwa mtu mmojammoja. Cheti cha awali hakikuwa na jina, kwa sababu kampuni haikujua kama jina alilolitaja mwombaji lilikuwa lake.

Aliyetaka jina lake liandikwe alipaswa kukutana uso kwa uso na wathibitishaji wa kujitolea, awaoneshe kitambulisho, nao wampe alama. Akifikisha alama 50, jina liliingia katika cheti. Akifikisha 100, naye akawa mthibitishaji na kuweza kuwahakiki wengine.

Waliokua katika zama za mabalozi wa nyumba kumi wataona undugu wa mpango huo na desturi yetu. Mtu alithibitishwa na waliomwona, wala hapakuwa na ofisi moja kubwa iliyomjua kila mtu. Mpango ulifungwa Novemba 2009, Thawte ikiwa imekwisha kuingia mikononi mwa wengine.

Dola milioni 575

Desemba 1999 VeriSign ilitangaza kuinunua Thawte kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 575 za Marekani. Kwa hatua hiyo mshindani mkubwa wa VeriSign aliye nje ya Marekani alitoweka, na jina la Thawte likabaki kama chapa ya vyeti vya bei nafuu. Iliripotiwa kuwa Shuttleworth, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alimpa kila mfanyakazi randi milioni moja, wafagizi wakiwamo.

Majuma machache baadaye, Januari 2000, Marekani ililegeza sheria zake za kupeleka usimbaji nje. Faida ya kuwa Mwafrika katika biashara hiyo ikaisha. Mtu anaweza kusema kijana huyo aliuza kwa wakati wake hasa.

Mengine yanafahamika. Aprili 2002 Shuttleworth alilipa takriban dola milioni 20 na kurushwa kwa chombo cha Kirusi hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga, akawa raia wa kwanza wa Afrika huru kufika huko. Mwaka 2004 alizindua mfumo endeshi wa kompyuta unaotolewa bure, Ubuntu, jina ambalo msomaji wa Kiswahili atalisikia mara moja kuwa ni ndugu wa neno utu.

Fedha nazo zilihama. Alipohamisha takriban randi bilioni 2.5 kutoka Afrika Kusini mwaka 2009, alitozwa asilimia 10, yaani randi milioni 250, akashitaki, akashinda katika Mahakama ya Rufani, na Juni 2015 akashindwa katika Mahakama ya Katiba.

Jina lachafuka

Mwaka 2010 VeriSign iliiuza biashara yake ya vyeti, pamoja na Thawte, kwa kampuni ya Symantec kwa takriban dola bilioni 1.28. Chini ya mwenye mali huyo mpya ndipo lilipotokea jambo ambalo halikupaswa kutokea.

Septemba 2015 Google iligundua kwamba mamlaka ya Thawte ilikuwa imetoa cheti kwa jina la google.com bila ya wenye jina kuombwa wala kujua. Symantec ilieleza kuwa lilikuwa jaribio la ndani na kuwafukuza baadhi ya wafanyakazi. Uchunguzi uliendelea, makosa mengine yakajitokeza, na mwaka 2017 Google ikatangaza kwamba vyeti vya Symantec vitaondolewa hatua kwa hatua katika orodha ya kuaminiwa. Mwaka huohuo Symantec iliiuza biashara hiyo kwa kampuni ya DigiCert, ya Utah.

Si kwamba hofu ya Google ilikuwa ya kinadharia. Mwaka 2011 wahalifu waliingia katika mitambo ya DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakajiandikia cheti cha uongo cha Google, kikatumika kuwapeleleza watumiaji wa Iran. DigiNotar ilifilisika kabla ya mwezi wa Septemba mwaka huo kuisha. Hesabu za RSA hazikuvunjwa katika visa hivi viwili. Kilichovunjika ni udhamini.

Sheria zipo

Afrika Mashariki haikulala. Kenya iliziingiza saini za kielektroniki katika sheria yake ya mawasiliano kwa marekebisho ya mwaka 2009, Rwanda ikatunga sheria mwaka 2010, na Uganda ikawa na Sheria ya Saini za Kielektroniki ya mwaka 2011.

Tanzania ilianzia mahakamani. Mwaka 2000, katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Jaji Nsekela wa Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, alikubali kuwa kumbukumbu za benki zilizochapwa kutoka kwenye kompyuta zinaweza kupokelewa kama ushahidi, ingawa Sheria ya Ushahidi iliandikwa zama za vitabu vya hesabu vya karatasi. Bunge liligusa suala hilo mwaka 2007 kwa marekebisho, na hatimaye likapitisha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, Namba 13 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba Mosi mwaka huo.

Sheria hiyo inasema kwamba pale ambapo sheria nyingine inadai saini, saini salama ya kielektroniki inatosha. Ili iwe salama, inapaswa kuwa ya pekee kwa madhumuni inayotumiwa, imtambulishe mtia saini, iwe imetengenezwa kwa njia iliyo chini ya udhibiti wake, na ifungamane na waraka kiasi kwamba badiliko lolote litaonekana. Aliyesoma maelezo ya funguo mbili hapo juu ataona kuwa sheria inaielezea kazi ileile kwa lugha ya mwanasheria. Imeweka pia masharti kuhusu watoa huduma za usimbaji na vyeti.

Gharama nayo si kisingizio kikubwa kama ilivyokuwa. Tangu Desemba 2015 shirika lisilo la faida la Let's Encrypt limekuwa likitoa bure vyeti vya tovuti, jambo lililozikata miguu kampuni zilizokuwa zikiuza kitu hichohicho kwa mamia ya dola. Vyeti hivyo, hata hivyo, huthibitisha umiliki wa anwani ya tovuti tu. Havisemi mwenye tovuti ni nani, wala havitii saini ankara.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa Gerezani anapobaki na nusu ya kinga. Risiti ya shilingi elfu arobaini anayomkatia mnunuzi wa breki ina namba ya kuhakikia, na mnunuzi akitaka anaweza kuikagua kwenye tovuti ya TRA papo hapo. Mdhamini wa risiti hiyo ni mkusanya kodi, naye ameilinda kwa sababu ina kodi ndani yake.

Ankara ya dola elfu kumi iliyomfikia mfanyabiashara huyohuyo asubuhi kwa barua pepe, ambayo mtaji wake wote unaitegemea, kwa kawaida haina saini ya namna hiyo. Ina nembo, mhuri uliopigwa picha, na jina la mtu ambaye huenda hajawahi kuonana naye. Wanaojali humpigia muuzaji simu kwa namba waliyokuwa nayo tangu zamani, wakamsomea namba ya akaunti tarakimu kwa tarakimu kabla ya kwenda benki.

Mwenye simu anayetaka kujua nani anaidhamini tovuti aliyoifungua anaweza kubonyeza alama iliyo kando ya anwani yake, kisha kutafuta sehemu ya cheti na jina la aliyekitoa. Katika baadhi ya tovuti atakuta bado limeandikwa Thawte, na chini yake, DigiCert.